Maandalizi ya chuo kikuu Marekani, kuanzia darasa la 9 hadi la 12: uzi kwa wazazi na wanafunzi

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila ifikapo Agosti na Septemba swali lilelile hurudi hapa: mtoto ameingia darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, mzazi anauliza aanzie wapi ili kijana apate chuo. Swali ni la msingi, ila kwa sehemu kubwa limechelewa, kwa sababu kufikia wakati huo karibu kila kitu ambacho maofisa wa udahili watakipima kimeshaandikwa kwenye rekodi ya mwanafunzi na hakifutiki. Uzi huu nauleta kwa ajili ya familia zetu zinazoishi Marekani, hasa zile ambazo wazazi walisoma Afrika Mashariki au Kongo, ambako mtihani wa mwisho ndio unaoamua. Huko mwanafunzi aliyelegea miaka mitatu anaweza kujifungia na vitabu, akakesha, akafaulu mtihani wa taifa, na hakuna atakayemuuliza alipata nini kidato cha kwanza. Hapa hakuna mtihani wa namna hiyo. Rekodi ya miaka minne ndiyo mtihani wenyewe, na mzazi asiyelijua hilo humwambia mwanawe "utajitahidi mwishoni" kwa nia njema kabisa, huku nafasi zikimpita.

Uzito mkubwa uko kwenye masomo. Vyuo vinavyochuja waombaji kwa makini hufungua kwanza transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama, na hutazama mambo mawili kwa pamoja: alama alizopata mwanafunzi na ugumu wa masomo aliyoyachagua. Mwenye A tupu katika masomo mepesi, ilhali shule yake inafundisha masomo ya AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari) ambayo hakuyagusa, hasomwi sawa na mwenye A na B katika masomo magumu. Shule hutuma pia waraka unaoeleza masomo inayoyatoa, kwa hiyo mtoto anayesoma katika shule yenye AP chache hashindanishwi na aliyekuwa na AP ishirini za kuchagua. Anapimwa kwa alichofanya na kile alichokuwa nacho. Jambo hili liwatulize wazazi wanaodhani kwamba bila kuhamia mtaa wa matajiri mtoto hana lake.

Nitakaa kidogo kwenye hesabu, maana hapo ndipo mlango hufungwa kimyakimya mapema. Mfuatano wa kawaida ni Aljebra ya 1, Jiometri, Aljebra ya 2, Prekalkulasi, kisha Kalkulasi, na kila somo huchukua mwaka mzima. Mtoto anayeanza Aljebra ya 1 akiwa darasa la 9 atamaliza sekondari na Prekalkulasi, na hatafika Kalkulasi hata akipata A kila mwaka, isipokuwa asome masomo mawili ya hesabu katika mwaka mmoja au asome moja wakati wa likizo ya kiangazi. Kwa anayetaka uhandisi katika chuo chenye ushindani, pengo hilo ni kubwa, na chanzo chake ni fomu ya kuchagua masomo iliyojazwa akiwa na miaka 13 au 14, ambayo mara nyingi mzazi hakuiona. Ombeni fomu hiyo. Ulizeni mtoto amewekwa kwenye hesabu ipi na kwa sababu gani.

Wanaofika Marekani katikati ya sekondari wana changamoto yao ya pekee. Shule zikikosa uhakika na cheti cha nje, huweza kumrudisha mtoto kwenye hesabu aliyokwisha kuisoma, au kumjazia ratiba masomo ya Kiingereza cha wageni hadi Kemia ikakosa nafasi. Njooni na matokeo ya zamani yaliyotafsiriwa rasmi, dai kwa upole apewe jaribio la kumpima, na muulize mshauri wa wanafunzi ni yapi kati ya masomo hayo ya Kiingereza yanayohesabiwa na vyuo vikuu vya jimbo lenu. Fanyeni hivyo muhula wa kwanza, kabla ratiba haijaganda.

Majimbo hutofautiana sana, na mifano miwili itatosha. California ina orodha ya masomo 15 ya lazima kwa anayetaka kuomba Chuo Kikuu cha California, na 11 kati ya hayo sharti yawe yamekamilika kabla ya darasa la 12. Chuo hicho hukokotoa wastani kwa masomo yaliyosomwa tangu kiangazi cha baada ya darasa la 9 hadi kiangazi cha baada ya darasa la 11, na katika udahili hakitazami kabisa alama za SAT wala ACT, ile mitihani ya kupima wanaoomba vyuo. Texas nayo ina sheria ya mwaka 1997 inayowapa udahili wa moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya shule zao, ingawa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kimebana zaidi, na kwa wanaoingia kuanzia vuli ya 2026 kinahitaji asilimia 5 ya juu. Mtoto wa Houston na mtoto wa Sacramento wanahitaji mipango miwili tofauti, hata kama ni binamu.

Kuhusu shughuli za nje ya masomo, naona familia nyingi zikihangaika bila sababu. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi, yaani Common App, ina nafasi ya shughuli 10 tu, na maelezo ya kila moja hayazidi herufi 150. Hakuna anayehitaji klabu kumi na tano. Kinachosomeka vizuri ni mambo machache yaliyodumu miaka miwili au mitatu, mwanafunzi akianza kama mshiriki wa kawaida na kufikia kubeba dhamana. Tena kuna jambo ambalo watoto wetu hulificha kwa kudhani ni aibu: fomu hiyo ina kundi la kazi za kulipwa na kundi la majukumu ya kifamilia. Kijana anayefanya kazi dukani jioni, au anayelea wadogo zake wakati mama yuko zamu ya usiku, ana shughuli kamili ya kuandika.

Tofauti iko kwenye uandishi. Kijana mmoja aliandika "kusaidia nyumbani" akaishia hapo. Tuliketi naye, tukahesabu, ikawa kwa Kiingereza kitu cha maana hii: "Nawachukua wadogo zangu watatu shuleni, napika, nasimamia kazi zao, nawatafsiria wazazi hospitalini na benki," saa 18 kwa wiki, mwaka mzima. Hakuongeza uongo hata chembe. Msomaji wa ombi sasa anaelewa kwa nini kijana huyo hakuwa kwenye timu ya mpira, na pia anaona uwezo ambao timu ya mpira isingeuonyesha.

Mitihani ya SAT na ACT haihitaji maneno mengi. SAT sasa hufanyika kwa kompyuta, huchukua saa 2 na dakika 14, na alama zake huanzia 400 hadi 1600. ACT huishia 36. Vyuo vingi havilazimishi mitihani hii, lakini baadhi ya vile maarufu vimeirudisha: MIT ilifanya hivyo mwaka 2022, na Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vikafuata mwaka 2024. Mazoezi ya kutosha yapo bure kwenye Bluebook, programu ya waandaaji wa SAT, na kwenye tovuti ya Khan Academy, kwa hiyo sioni sababu ya familia yenye kipato kidogo kulipa maelfu ya dola kwa masomo ya ziada kabla mtoto hajamaliza yale ya bure. Wakati mzuri wa kufanya mara ya kwanza ni muhula wa pili wa darasa la 11, akiwa ameshafika Aljebra ya 2. Oktoba ya darasa hilohilo kuna PSAT, mtihani wa majaribio ya SAT, ambayo pia ndiyo njia ya kuingia kwenye shindano la ufadhili la National Merit. Wenye kipato cha chini wapo kwenye utaratibu wa kusamehewa ada ya SAT, na msamaha huo hufungua pia msamaha wa ada za maombi katika vyuo vingi. Unaombwa kwa mshauri wa wanafunzi.

Darasa la 11 ndilo zito kuliko yote. Alama zake ndizo za mwisho kukamilika kabla ombi halijatumwa, na walimu wa mwaka huo ndio mara nyingi huandika barua za mapendekezo. Mwalimu huandika vizuri juu ya mtoto anayemjua, na hamjui kwa sababu tu alipata A, bali kwa sababu aliuliza swali, alikuja baada ya kipindi, au alirudi na kazi aliyoikosea akaisahihisha. Watoto wetu wamelelewa kuwa kimya mbele ya mkubwa, na ni adabu njema, ila hapa mwalimu huweza kuusoma ukimya huo kuwa mtoto hajali. Wafundisheni kuuliza kwa heshima. Barua waiombe kabla shule hazijafungwa mwezi Juni, kwa sababu Septemba mwalimu anayependwa huwa ameshaombwa na wanafunzi wengi.

Mshauri naye ana mzigo. Chama cha kitaifa cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na wastani wa nchi uko juu ya hapo. Mwanafunzi asiyeingia ofisini kwake tangu darasa la 9 ataandikiwa barua na mtu anayemjua kwa jina na namba. Kuingia mara moja kila muhula na swali moja la maana kunatosha.

Insha kuu ya Common App ni ya maneno 250 hadi 650, na fomu ya mwaka hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Kiangazi kabla ya darasa la 12 ndicho wakati wa kuandika, kuacha, kurudia. Nawasihi wazazi wasiilazimishe insha kuwa simulizi la mateso ya kambi ya wakimbizi au ya safari, ikiwa mtoto mwenyewe hataki kulisimulia. Mtoto aliyefika akiwa na miaka minne na anayependa kurekebisha redio ana haki ya kuandika juu ya redio.

Vuli ya darasa la 12 ni ya tarehe tu. Maombi ya mapema huishia zaidi 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari, na uamuzi wa mwanafunzi hutakiwa kwa kawaida kufikia 1 Mei. Angalizo moja: mpango unaoitwa Early Decision ni ahadi ya kufunga. Akikubaliwa, anatakiwa kwenda huko na kufuta maombi mengine, isipokuwa msaada wa kifedha uliotolewa hautoshi. Early Action haina kifungo hicho. Na alama za darasa la 12 bado zinatumwa. Chuo kinaweza kuufuta udahili wa mwanafunzi aliyeanguka baada ya kukubaliwa.

Nitarudi kwenye suala la pesa kadiri maswali yatakavyokuja.

Mchangiaji, mama wa wanafunzi wawili

Ndugu mleta uzi, ubarikiwe kwa maelezo haya. Binti yangu yuko darasa la 10. Darasa la 9 alikuwa ndiyo kwanza amefika nchini, akapata C nne na D moja ya Biolojia. Mwaka huu ana A na B. Je, kwa maelezo yako ya rekodi ya miaka minne, binti yangu ameshaharibikiwa?

Mleta uzi

Hapana, mama, hajaharibikiwa, na sisemi hivi kukufariji. Wasomaji wa maombi hutazama mwelekeo wa alama. Anayepanda kutoka C hadi A huku masomo yakizidi kuwa magumu anasomeka vizuri kuliko anayeshuka kutoka A hadi B. Kwa Chuo Kikuu cha California, kama nilivyoeleza, alama za darasa la 9 haziingii kwenye wastani kabisa, ila masomo ya lazima sharti ayafaulu kwa C au zaidi. Kwa hiyo ile D ya Biolojia ndiyo ya kushughulikia. Airudie kiangazi hiki au mwaka ujao. Zile C aziache zilivyo, kwani mfumo huo hukubali kurudia D na F tu, na nguvu zake zina matumizi bora kwenye Kemia ya mbele.

Jambo la pili, mwombe mshauri ataje kwenye barua yake kwamba binti alifika nchini mwaka huo na lugha ilikuwa ngeni. Ikitoka kwa mshauri inabeba uzito, na binti anabaki huru kuandika insha yake juu ya jambo lingine.

Mchangiaji

Kaka, umesema utarudi kwenye pesa. Sisi tuliingia kama wakimbizi, mpwa wangu anayeishi nasi ana viza ya mwanafunzi. Tunaambiwa kwamba FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa kifedha wa serikali kuu, ni ya raia tu. Ukweli ni upi?

Mleta uzi

Si ya raia tu, ndugu yangu, na taarifa hiyo imewanyima watoto wengi haki yao. Wenye kadi ya ukaazi wa kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi nao wanastahili. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti na kujaza sehemu yake. Kinachoangaliwa ni hadhi ya mwanafunzi. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifikia kiwango cha juu cha dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025 hadi 2026.

Mpwa wako mwenye viza ya mwanafunzi hana nafasi kwenye FAFSA, kwa hiyo msaada wake utatoka kwa vyuo vyenyewe. Vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havitazami uwezo wa kifedha wakati wa kudahili hata wageni, na huahidi kuziba mahitaji yote ya anayekubaliwa, ila ushindani wake ni mkali mno. Vyuo vingine vingi humuuliza mgeni mapema atahitaji kiasi gani na hilo huingia kwenye uamuzi. Orodha yake iandikwe kwa kuangalia sera ya kila chuo, na maombi mengi ya namna hii hudai fomu nyingine iitwayo CSS Profile.

Sasa kwa wote: FAFSA hufunguliwa kwa kawaida 1 Oktoba ya darasa la 12, lakini kipato kinachotumika ni cha miaka miwili nyuma. Anayeingia chuo vuli ya 2027 anapimwa kwa kipato cha mwaka 2025, yaani nusu ya pili ya darasa la 10 na nusu ya kwanza ya darasa la 11. Mzazi anayefikiria kuuza kiwanja au kutoa akiba ya uzeeni mwaka huo ajue kwamba faida hiyo itahesabiwa kama kipato chake cha kawaida. Na aliyepoteza kazi baada ya mwaka huo asikae kimya: aiandikie ofisi ya msaada wa kifedha ya chuo, apeleke uthibitisho, aombe hesabu ipitiwe upya. Ofisi hizo zina mamlaka ya kufanya hivyo.

Tena msiogope bei iliyoandikwa kwenye tovuti. Sheria inavitaka vyuo kuweka kikokotoo cha gharama halisi. Jazeni mtoto akiwa darasa la 10 au 11, mkiwa pamoja mezani. Chuo cha binafsi chenye bei ya kutisha kinaweza kuwa nafuu kwa familia ya kipato cha chini kuliko chuo cha umma cha jimbo jirani. Na wenye kipato kidogo wenye watoto wanaofanya vizuri waitazame QuestBridge, mpango unaowaunganisha wanafunzi kama hao na vyuo vyenye ufadhili, ambao maombi yake hufungwa mwishoni mwa Septemba ya darasa la 12, mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Mchangiaji

Kwa heshima zote, mleta uzi, naona umevipa uzito vyuo vikubwa. Mimi nilianza chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili), nikahamia chuo kikuu, leo ni muuguzi na sina deni. Kwa nini tuwachoshe watoto miaka minne?

Mleta uzi

Hoja yako naipokea, dada, na njia uliyopita ni ya heshima na mara nyingi ndiyo ya busara zaidi kifedha. Huko California kuna makubaliano yanayomhakikishia mwanafunzi wa chuo cha jamii nafasi katika kampasi sita za Chuo Kikuu cha California akitimiza masharti. Ninachosisitiza ni kwamba njia hiyo iwe chaguo la mtoto, isiwe pahali alipoangukia kwa sababu hakuna aliyemweleza fomu ya darasa la 9. Na maandalizi hayapotei: aliyeingia chuo cha jamii akiwa tayari kwa Kalkulasi huanza moja kwa moja masomo yanayohesabiwa, wakati mwenzake aliyekosa hesabu huweza kutumia muhula mzima kufidia.

Niongeze tahadhari moja, kwa kuwa umekitaja chuo cha jamii. Shule nyingi huwaruhusu wanafunzi wa darasa la 11 na 12, wakati mwingine hata wadogo zaidi, kusoma masomo ya chuo hicho kwa gharama ndogo au bure. Ni nafasi nzuri sana. Ila alama zake huingia kwenye rekodi ya kudumu ya chuo, na F aliyoipata akiwa na miaka 15 itamfuata akiomba vyuo, na huenda ikaathiri msaada wake wa kifedha baadaye. Aanze na somo moja. Akiona limemzidi, aliache rasmi kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa, ambayo huandikwa kwenye kalenda ya chuo na siyo ya shule yake ya sekondari.

Wenye watoto wa darasa la 8 na la 9, nitumieni orodha ya masomo waliyopangiwa mwaka ujao bila kutaja jina la mtoto wala la shule, tuipitie hapahapa.